Ruzuku ya akili unde hununua nini chuoni

Chuo cha kiufundi kikitangaza kwamba kimepata ruzuku ya kuleta akili unde (AI) madarasani, swali la kwanza hapa Mombasa huwa: kompyuta zinakuja lini? La pili: ngapi? Ni maswali ya haki, kwa sababu vyuo vyetu vingi havina kompyuta za kutosha. Lakini yanaanzia mwisho. Mradi wa aina hii una mambo matatu yaliyosokotana, na kila moja lina kanuni zake: pesa ya mfadhili, chuo chenyewe, na mashine ambayo hata walioiunda hawawezi kuahidi itajibu nini. Anayeongoza mradi hukaa pale mambo hayo yanapokutana. Nitajaribu kuyafumbua, nikishikilia jambo moja ninaloliamini kwa dhati: kitu cha thamani kuliko vyote ambacho pesa hiyo inaweza kununua ni muda wa walimu.

Tuanze na mfano unaoigwa. Marekani ina takriban vyuo elfu moja vya umma vya miaka miwili, viitwavyo vyuo vya jamii. Humpokea karibu kila aliyemaliza shule ya upili, hata aliyerudi masomoni akiwa na watoto na kazi ya usiku. Mwaka 1992 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyolitaka Shirika la Taifa la Sayansi, NSF, lifadhili mafunzo ya mafundi wa teknolojia mpya kupitia vyuo hivyo. Mpango uliozaliwa na sheria hiyo, ATE (Advanced Technological Education), umefadhili miradi ya akili unde pia. Una sharti ninalolipenda sana: chuo cha miaka miwili lazima kiwe na nafasi ya uongozi, kisiwe cha kubebwa mgongoni na chuo kikuu. Na katika bajeti za miradi hiyo mara nyingi utakuta fungu la kumpunguzia mwalimu vipindi. Analipwa mtu mwingine amshikie darasa, naye apate saa za kuandaa masomo mapya. Wanaoiga miradi hii huku kwetu hulipita fungu hilo haraka, ilhali ndilo linaloubeba mradi.

Kwetu hakuna chuo kinacholingana na hicho moja kwa moja. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa magatuzi vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo leo tunaviita vituo vya mafunzo ya ufundi. Vyuo vya ngazi ya juu, kama Kenya Coast National Polytechnic, vikabaki kwa serikali kuu, chini ya Sheria ya TVET, yaani elimu na mafunzo ya ufundi, ya 2013. Kwa hiyo Mombasa hii moja ina wakufunzi walioajiriwa na kaunti, wengine walio chini ya Tume ya Utumishi wa Umma, na wengine wa mkataba wanaolipwa na bodi ya chuo. Wote wanaweza kuwa wanafundisha umeme kwa wanafunzi wanaoishi mtaa mmoja. Anayeandika ombi la ruzuku bila kujua mkufunzi ni wa nani, ataahidi saa za mtu ambaye yeye mwenyewe hana mamlaka juu yake. Ruhusa ya kumpunguzia mkufunzi vipindi hutolewa na mwajiri wake. Mfadhili hana neno hapo, na kiongozi wa mradi pia hana.

Sasa pesa. Bajeti husomwa na wachache, lakini ndiyo inayoamua mradi utakuwa wa nini. Gawanya kila fungu kwa makundi mawili: yanayolipwa kwa dola na yanayolipwa kwa shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika kiasi cha shilingi 160. Katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Chuo kilichopanga ruzuku ya dola 100,000 kwa bei ya mwanzo kilihesabu shilingi milioni 16. Pesa ikiingia kwa bei ya pili, ni milioni 13. Milioni tatu zimeyeyuka na hakuna aliyeiba senti. Tazama zimeyeyukia wapi: usajili wa programu hutozwa kwa dola, kwa hiyo hauguswi. Kinachopungua ni posho ya wakufunzi, nauli, chakula cha warsha na malipo ya anayeshika vipindi. Kiongozi akiacha mambo yajiendee, mradi ulioandikwa kwa ajili ya walimu unageuka kimyakimya kuwa mradi wa kulipia programu.

Na usajili wenyewe si mdogo. Huduma nyingi zinazojulikana hutozwa kama dola 20 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Wakufunzi 30 kwa mwaka mmoja ni dola 7,200, sawa na shilingi 936,000 kwa bei ya 130. Huduma za kidijitali zinazouzwa kutoka ng'ambo nazo hutozwa VAT ya asilimia 16, na fungu hilo husahauliwa mara nyingi. Kisha kuna namna ya kulipa. Kampuni hizi zinataka kadi ya benki, zikate kila mwezi. Chuo cha umma kinaongozwa na Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015, inayodai kunukuliwa bei, hati ya kuagiza na ankara. Kadi na hati ya kuagiza hazipatani kwa urahisi. Nawasihi wanaoandaa miradi wakae na afisa ununuzi na mhasibu kabla ya kutuma ombi, wakati ambapo jibu la "haiwezekani" bado lina faida.

Kalenda ni tatizo jingine lisiloandikwa popote. Mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza Julai 1. Wa serikali ya Marekani huanza Oktoba 1. Vyuo hupokea wanafunzi wapya Januari, Mei na Septemba. Mfadhili anapohimiza pesa iishe kabla ya mwisho wa Septemba, anahimiza warsha zifanyike wiki zilezile ambazo mkufunzi anasajili wanafunzi wapya na kutafuta vifaa vya karakana. Kwa mji wetu ongeza Ramadhani, inayorudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Warsha ya saa nane hadi saa kumi na moja alasiri haifai mwezi huo. Ratiba ya mradi wa miaka mitatu inapaswa kuonyesha Ramadhani zote tatu tangu siku ya kwanza.

Nimekaa sana kwenye pesa kwa makusudi, kwa kuwa miradi mingi hufia hapo kabla mwanafunzi hajaandika swali lake la kwanza. Tuingie darasani.

Akili unde inayozungumzwa siku hizi, ile iliyoenea tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, huzalisha maandishi kwa kukisia kipande cha neno kinachofuata, ikitegemea mabilioni ya sentensi ilizosomeshwa. Haina karakana na haijawahi kushika bisibisi. Ilichosoma kwa wingi ni Kiingereza, na sehemu kubwa ya Kiingereza hicho imetoka Marekani. Kwa mwanafunzi wa insha hilo ni suala la mtindo. Kwa mwanafunzi wa ufundi linaweza kuwa suala la uhai.

Chukua darasa la umeme. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120, na waya mweusi kwa kawaida ndio laivu, mweupe ni nyutro. Kwetu ni volti 240. Nyumba zetu za zamani, na Mombasa imejaa nyumba za zamani, zilifungwa kwa utaratibu wa Kiingereza wa enzi hizo: mwekundu laivu, mweusi nyutro. Nyumba mpya hutumia kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro. Mwanafunzi akiuliza bila kutaja nchi, "waya mweusi ni wa nini?", anaweza kupata jibu lenye ufasaha, lililopangwa vizuri, sahihi kabisa kwa Chicago na la hatari kwa Majengo. Akipanda ngazi na jibu hilo kichwani, hakuna sentensi ya tahadhari chini ya skrini itakayomsaidia. Mkufunzi wa umeme ndiye anayejua kwamba kipimo hushikwa kwanza na rangi huaminiwa baadaye. Ujuzi huo wa mkufunzi ndio unaopaswa kuwa kiini cha somo la akili unde katika darasa la umeme: wape wanafunzi jibu la mashine, kisha wapeleke kwenye ubao wa majaribio wakalipime.

Chukua pia darasa la kliaringi, yaani utoaji wa mizigo bandarini, kazi inayolisha familia nyingi kuanzia Kilindini hadi Miritini. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mwaka unaokubalika husogea kila Januari: mwaka 2025, gari lilipaswa kuwa limesajiliwa kuanzia Januari 2018. Mfumo uliosomeshwa kwa maandishi ya miaka iliyopita unaweza kutaja mwaka wa zamani bila kusita. Kosa la mwaka mmoja hapa ni gari lililokwama bandarini huku gharama za kuhifadhiwa zikipanda kila siku, na mteja aliyeuza shamba kulinunua. Swali zuri la mtihani linatokana na hapo: jibu hili la mashine lilikuwa sahihi lini, na tangazo la mwaka huu la KEBS, shirika la viwango la Kenya, linasema nini? Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo ameielewa akili unde na sheria ya forodha kwa pamoja.

Upishi, ushonaji na urembo vina mifano yao, ingawa hatari ni ndogo. Vipimo vya vikombe na aunsi vitamsumbua mpishi, havitamuua.

Narudi kwa wakufunzi. Wengi wao wanaitumia akili unde tayari, kwenye simu zao, na wanaitumia kwa makaratasi. Mfumo wa mafunzo ya umilisi unadai azimio la kazi, andalio la somo, orodha za kukagulia na faili la ushahidi kwa kila mwanafunzi. Mwenye wanafunzi 60 katika vitengo kadhaa hutumia jioni zake kujaza karatasi. Baadhi ya viongozi wa miradi hukunja uso wakisikia hivyo, kana kwamba ni uvivu. Mimi naona ndiyo pa kuanzia. Mwalimu aliyerudishiwa jioni mbili kwa wiki ana nafasi ya kufikiria somo lake upya, na asiyerudishiwa kitu atahudhuria warsha, atie sahihi, achukue posho, arudi kufundisha kama jana. Hiyo haimaanishi ana moyo mbaya. Hana saa za ziada za kutoa, basi.

Saa hizo zinahitaji kulindwa kwa maandishi. Makubaliano na mkuu wa chuo yataje vipindi vingapi vinaondolewa kwa mkufunzi gani, muhula gani, nani anashika darasa na analipwa kutoka fungu lipi. Bila karatasi hiyo, ahadi huvunjika wiki ya pili ya muhula, mkufunzi mmoja akiugua na mwenzake wa mradi akiombwa "amsaidie kidogo".

Mfadhili atataka kujua kama kumekuwa na mabadiliko. Hapa ndipo takwimu rahisi hupotosha. Kuhesabu waliohudhuria na akaunti zilizofunguliwa ni kuhesabu shughuli. Swali gumu ni kama mwanafunzi amejifunza, na utafiti uliopo unatupa tahadhari nzito. Katika jaribio lililofanywa Uturuki na wanafunzi karibu elfu moja wa sekondari, waliopewa GPT-4 ya kawaida, mfumo wa waundaji wa ChatGPT, walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 48 katika mazoezi ya hisabati. Waliponyang'anywa na kupewa mtihani, walipata asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuwa nayo. Kundi la tatu lilipewa mfumo uliotengenezwa kwa msaada wa walimu ili utoe vidokezo badala ya majibu, na hasara hiyo kwa kiasi kikubwa ikatoweka. Upande wa pili kuna mradi wa Benki ya Dunia jijini Benin, Nigeria, mwaka 2024. Kwa wiki sita wanafunzi wa sekondari walikaa wawili wawili kwenye kompyuta baada ya masomo, wakitumia akili unde, mwalimu akiwaongoza, na matokeo yao ya Kiingereza yakapanda kwa kiasi cha kutia moyo. Ukiyasoma majaribio haya pamoja, utaona mkono wa mwalimu umebadilisha matokeo kote kuwili.

Kwa hiyo pima mara mbili: mwanafunzi akiwa na mashine, na akiwa hana. Kwa ufundi tuna bahati, maana mtihani wa vitendo tunao tayari. Saketi inawaka au haiwaki. Chukua alama za vitendo za kundi la wanafunzi kabla mradi haujaanza, uzihifadhi, ulinganishe na za makundi yanayofuata. Mradi ulioanza bila alama za mwanzo hauwezi kuzitunga baadaye.

Neno fupi kuhusu programu zinazodai kunasa kazi iliyoandikwa na mashine: msizinunue. OpenAI, waliounda ChatGPT, wenyewe waliondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walionyesha kwamba programu za namna hiyo zilizishuku zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, ingawa waliziandika wenyewe. Wanafunzi wetu wengi Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu. Kumwita kijana wa Kisauni mwongo kwa sababu sentensi zake ni rahisi ni dhuluma, na mradi usigharimie dhuluma.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo ina meno. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mkufunzi anayepakia faili la ushahidi lenye jina, picha na nambari ya kitambulisho cha mwanafunzi kwenye programu ya ng'ambo, ili impe muhtasari, amehamisha taarifa binafsi nje ya nchi. Vituo vya kaunti vina wanafunzi chini ya miaka 18, na kwao idhini hutoka kwa mzazi au mlezi. Data ikivuja, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kanuni ninayoipendekeza inaingia kwenye karatasi moja ya ukutani: hakuna jina, hakuna picha, hakuna nambari. Andika "mwanafunzi A" na kazi itaendelea.

Mtandao wa intaneti unaudhi kwa namna yake. Nyaya za baharini zinazoilisha kanda hii zinatua hapahapa Mombasa: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata. Bado darasa la Likoni au Jomvu linaweza kutegemea bando la simu ya mwalimu. Na Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kwa wakati mmoja, Afrika Mashariki nzima ilihisi. Kila somo la mradi liwe na toleo la karatasi: maswali na majibu ya mashine yaliyochapishwa mapema. Somo la waya mweusi halihitaji bando hata kidogo. Majibu matano kwenye karatasi, kipimo, na ubao wa majaribio vinatosha.

Mwisho wa ruzuku unapaswa kuandikwa mwanzoni. Januari 2025 miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, ilisimamishwa ghafla, na kufikia Julai 1 shirika hilo lilikuwa limefungwa rasmi. Watu wenye mikataba halali waliamka hawana mradi. Hata mfadhili mwaminifu huondoka tarehe aliyoahidi, na usajili wa dola 20 huisha siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo ningetaka kila idara iwe na daftari la makosa tangu mwezi wa kwanza: swali lililoulizwa, jibu la mashine, lilipokosea, mkufunzi alilijuaje, na tarehe. Idara ya umeme iwe na lake, ya magari lake, ya kliaringi lake. Ni zana ya kufundishia, ni ushahidi wa kumwonyesha mfadhili, na haligharimu chochote kulitunza baada ya pesa kuisha. Lihifadhiwe kwenye akaunti ya chuo, chini ya mkuu wa idara, nakala moja ikichapishwa na kuwekwa maktaba kila mwisho wa muhula. Lisikae kwenye barua pepe binafsi ya kiongozi wa mradi, kwa maana mkataba wake nao una tarehe ya kwisha.